Kutoka Mutukula hadi Kibale nikimfuata buibui anayeruka

Jumatatu. Mutukula, Masaka

Mutukula ilitupokea kwa foleni ya malori na vumbi. Mihuri ikagongwa, bima ya gari ikakatwa, shilingi zikabadilishwa, na kabla ya adhuhuri tulikuwa tumeuacha mpaka nyuma yetu. Dereva ni shemeji. Ni Mnubi wa Bombo aliyemuoa dada yangu, mstaafu wa jeshi, na Kiswahili chake ni cha kambini, kifupi, chenye amri ndani yake. Ndicho tunachozungumza safari nzima, maana Kiganda changu kinaishia kwenye salamu. Mimi nafundisha baiolojia sekondari kule Bukoba. Likizo hii nimeitenga kwa ajili ya buibui warukao, wale wadogo wa ukutani wasiotega utando, na shemeji amekubali kunizungusha kwa sharti kwamba mafuta ni juu yangu na redio ni juu yake.

Njia ya Masaka haina la kusimulia kwa upande wa buibui. Jioni, tukisubiri matoke yaive, shemeji aliuliza swali lake: kati ya wadudu wote wa Mungu, kwa nini huyu? (Kwa hesabu ya darasani buibui si mdudu, ana miguu minane, hana papasi, hana mbawa. Nilimwacha aendelee.) Nikamjibu kwamba huyu ndiye anayekutazama. Msogelee buibui mwingine yeyote, atakimbia au atajikunyata. Huyu atageuka, atakukazia macho, na atasubiri aone wewe ni kitu gani. Ukoo wake, Saltisidae, ndio mkubwa kuliko koo zote za buibui, una spishi zaidi ya 6,000, na karibu zote zinaishi kwa kutazama kwanza na kuamua baadaye.

"Basi angefaa doria," akasema shemeji, akavuta sahani.

Jumanne. Bukakata, Luuku, Kalangala

Kivuko cha Bukakata kwenda Luuku ni bure, na asubuhi hii hakikuchelewa. Kisiwa cha Bugala, kikubwa kuliko vyote vya Ssese, kimepandwa michikichi safu kwa safu mpaka kando ya barabara, pahali palipokuwa msitu. Buibui wa msituni watakuwa wamepata hasara kubwa hapa. Nitakaowatazama leo haiwahusu, kwa sababu wao makazi yao ni kuta za watu.

Nyumba ya wageni tuliyofikia Kalangala ina baraza yenye ukuta wa chokaa, na upande unaopigwa na jua la saa kumi ulikuwa umejaa nzi. Penye ukuta wa joto na nzi, huyu hakosekani. Alitoka nyuma ya bomba la maji: wa kijivu, bapa, mstari mweusi kila ubavu, mwili wake haufiki sentimita moja. Menemerus bivittatus jike. Ameenea nchi za joto dunia nzima, na kokote aliko anapenda majengo.

Nzi alitua kiasi cha shubiri moja kutoka kwake, upande wa kulia, nyuma kidogo. Buibui akageuka mara moja, mwili mzima, mpaka uso ukamlenga nzi. Akatulia. Halafu akaanza kusogea kwa hatua fupifupi, akisimama kila mara nzi alipoacha kusugua miguu yake. Walipobaki umbali wa kidole gumba, mwendo ukawa wa kunyata kabisa, tumbo limeshuka karibu kugusa chokaa. Akaigusisha ncha ya tumbo ukutani. Hapo alikuwa anabandika uzi. Kuruka kwenyewe sikukuona. Niliona nzi yupo, kisha nikaona nzi ameshikwa na meno ya sumu nyuma ya kichwa, na wote wawili wananing'inia kwenye uzi mmoja chini kidogo ya pale nzi alipokuwa. Mbawa zilitetema sekunde chache. Buibui akaupanda uzi na windo lake, akarudi ukutani, akaenda kula nyuma ya bomba.

Shemeji alikuwa ameacha simu yake. "Amejifunga kamba kabla ya kuruka," akasema.

Amejifunga, ndiyo, na kamba ile ina kazi ya pili. Watafiti waliomrekodi Hasarius adansoni, ndugu yake wa majumbani, kwa kamera za mwendo wa kasi walichapisha mwaka 2013 kwamba uzi huo hukaza angani na kumsawazisha, asije akapinduka na kutua kwa mgongo. Buibui asiye na uzi huruka, ila hutua vibaya.

Nikamweleza kuhusu macho, kwa sababu ndiyo kiini cha habari hii. Ana manane. Sita ni ya pembeni na nyuma, na kazi yake kubwa ni kugundua kitu kinachosogea. Yakijumlishwa yanaona karibu mzunguko wote, ndiyo maana nzi wa nyuma yake alionekana. Kisha yapo mawili makubwa ya katikati ya uso, yanayomfanya aonekane ana sura. Lenzi zake zimeganda kwenye gamba, haziwezi kusogea. Nyuma ya kila lenzi kuna mrija mrefu, na mwishoni mwa mrija ndipo ilipo retina. Misuli sita huuvuta mrija huo juu, chini, pembeni na kuuzungusha, kwa hiyo buibui akiwa ametulia tuli mbele yako bado anakukagua kipande kwa kipande. Eneo linaloonekana kwa mkupuo mmoja ni jembamba sana, lakini lina ukali wa ajabu. Portia, mrukaji mwingine ambaye nitamrudia, anatenganisha vitu vilivyoachana kwa pembe ya nyuzi 0.04, kereng'ende, bingwa wa wadudu, yuko kwenye 0.4. Sisi tunamzidi buibui huyo mara tano au sita tu, na jicho letu moja ni kubwa kuliko mwili wake wote.

Tena retina yenyewe ina tabaka nne, moja nyuma ya nyingine. Mwaka 2012 watafiti wa Japani walionyesha kuwa buibui analinganisha taswira kali ya tabaka moja na taswira yenye ukungu ya tabaka la jirani, na kutokana na ukungu huo anapata umbali. Tabaka hizo zinategemea mwanga wa kijani. Walipomweka kwenye mwanga mwekundu mtupu, aliruka na kuishia kabla ya windo.

Shemeji hakushtushwa sana na macho. Kilichomshtua ni miguu. Kwenye viungo viwili vikuu vya mguu, buibui ana misuli ya kukunja ila hana ya kunyoosha. Kunyoosha hufanywa na shinikizo la damu: kifua kinabanwa, damu inasukumwa miguuni, mguu unafyatuka. Hapo dereva wangu akaelewa kabla sijamaliza. "Hizo ni breki," akasema. "Unakanyaga huku, mafuta yanasukuma kule." Sijawahi kulieleza jambo hilo darasani vizuri kiasi hicho. Akaongeza mwenyewe kwamba ndiyo maana buibui aliyekufa hukutwa amekunja miguu yote: mafuta yamekwisha kwenye bomba. Na ni kweli, ndiyo sababu.

Jumatano. Kalangala

Mvua toka alfajiri. Buibui hawa hawawindi kwenye baridi na giza, wanahitaji mwanga, basi tukashinda barazani.

Jioni ilipopoa, mawingu ya vijidudu vya ziwani yalipanda kutoka majini. Huku ziwani kila mtu anayajua. Yanaonekana mbali yamesimama juu ya maji mithili ya moshi, upepo ukigeuka yanajaa nyumbani, machoni, kwenye chai. Wengi wao hawaumi mtu. Mgeni huwaita mbu, na hilo ni jambo la kuweka akilini kabla hatujafika Entebbe.

Usiku nilizunguka na tochi ya kichwani. Buibui warukao hawategi utando wa kunasa, lakini uzi wanao, na hushona vifuko vya kulalia kwenye kona na chini ya majani. Humo pia hutaga na kujivua gamba. Nyuma ya fremu ya dirisha nilikuta kifuko cha namna hiyo, mwenyewe ndani, miguu imekusanywa. Mwaka 2022 watafiti huko Ujerumani waliwachukua video usiku watoto wa buibui warukao, spishi moja ya Evarcha, ambao miili yao bado inapitisha mwanga, na wakaona ile mirija ya macho ikicheza ndani ya kichwa kwa vipindi wakati mtoto amelala, huku miguu ikishtuka. Ni hali inayokaribiana na usingizi wetu wa ndoto. Kama wanaota, hapana mtu aliyesema hivyo kwa uhakika, na mimi sitajifanya. Shemeji alishatoa hukumu: anaota nzi.

Alhamisi. Ziwani

Meli ya MV Kalangala, Lutoboka hadi Nakiwogo, saa tatu na ushei. Gari lilipata nafasi. Nimelala karibu njia yote.

Ijumaa. Entebbe

Hii ndiyo siku niliyoijia.

Tumefikia kwa binamu yake shemeji, nyumba ya matofali karibu na ziwa, yenye ua wa lantana upande wa nyuma. Saa moja na nusu asubuhi nilikuwa tayari nimechuchumaa nje ya bafu, mahali ambapo ukuta una unyevu na mbu wa usiku hutulia humo wakisaga walichokula. Mama wa nyumba alinipitia na ndoo mara kadhaa bila kuuliza. Mara ya mwisho akasema, "Mwalimu, kama umepoteza kitu, sema tukusaidie." Nikamwonyesha.

Alikuwa karibu na kona, mdogo kuliko punje ya mchele, rangi ya hudhurungi, na usoni mwekundu kabisa, wekundu wa matofali mabichi. Evarcha culicivora. Anajulikana kuzunguka Ziwa Victoria tu, upande wa Kenya na Uganda, na jina la kisayansi alipewa mwaka 2003 na Wanda Wesołowska na Robert Jackson. Miaka miwili baadaye Jackson, Ximena Nelson na Godfrey Sune wakachapisha jambo lililomtoa huyu kwenye kuta za mabafu na kumpeleka kwenye majarida makubwa: ni mwindaji anayependa damu ya wenye uti wa mgongo, yetu ikiwemo, na kwa kuwa mdomo wake hauwezi kutoboa ngozi, anaipata kwa kumkamata mbu jike aliyekwisha kunywa.

Ukuta ule ulikuwa umebandikwa vijidudu vya ziwani kwa mamia, vya ukubwa uleule na umbo lilelile. Kati yao kulikuwa na mbu wachache. Mbu wa malaria, anofelesi, utamtambua kwa namna anavyokaa: kichwa chini, makalio juu, mwili mshazari, wakati mbu wa kawaida wa mitaroni hulala sambamba na ukuta. Mmoja wao alikuwa na tumbo limevimba, jekundu linaloelekea weusi. Buibui alipita vijidudu vitatu vilivyokuwa njiani kwake. Kimoja alikigeukia, akakitazama, akakiacha. Alipofika mahali pa kumwona yule mwenye tumbo alisimama muda mrefu kuliko niliyemwona Kalangala, halafu akanyata, akaruka, akampata. Mama wa nyumba akaweka ndoo chini. "Amechagua," akasema.

Amechagua, na watafiti wa Mbita, ng'ambo ya ziwa upande wa Kenya, walitumia miaka kupima anavyochagua. Waliwawekea mbu waliokufa, wamebandikwa katika mkao huu au ule, wakawaonyesha pia picha za kompyuta zinazosogea. Macho peke yake yanamtosha kumpendelea anofelesi kwa ule mkao wake mshazari, na kumpendelea aliyejaa damu kwa tumbo. Harufu peke yake nayo inamtosha. Watoto wadogo kabisa wa buibui huyu wana mbinu ambayo wakubwa hawaitumii: akimwona anofelesi, mtoto huzunguka mpaka nyuma, anapita chini ya lile tumbo lililoinuliwa, kisha anamvamia kutoka chini kwenda juu. Windo ni kubwa kuliko yeye, huweza kuruka naye hewani, na yeye haachii.

Mengine juu yake yanachekesha mpaka mtu adhani unatunga. Akila damu, buibui huyu hupata harufu inayovutia jinsia ya pili, dume kwa jike na jike kwa dume, na akikaa bila damu mvuto unapotea. Utafiti huo ni wa 2009. Harufu ya lantana nayo inamvuta, na ua wa nyuma ya nyumba hii umejaa hiyo lantana. Halafu kuna habari ya soksi. Fiona Cross na Jackson walimpima kwa hewa iliyopitishwa kwenye soksi zilizovaliwa na kwenye soksi safi, na buibui akapendelea zilizovaliwa. Inaeleweka, kwa kuwa mbu wa malaria huvutwa na harufu ya miguu ya binadamu, na anayemtafuta mbu hana budi kumtafuta mtu. Shemeji alikuwa akijiandaa kwa sala ya Ijumaa. Akazivua soksi zake za safari, akazianika juu ya kamba karibu na bafu, akaniambia nimhesabie watakaokuja.

Nilipokuwa nikisubiri nikawa na hasira kidogo, na hasira yenyewe ni ya magazeti. Kila baada ya muda huandikwa kwamba buibui huyu ndiye suluhisho la malaria. Hapana. Hutamfuga kwa maelfu na kumwaga vijijini. Anaishi eneo dogo, na buibui warukao hulana wenyewe kwa wenyewe ukiwabana pamoja. Chandarua ndicho kinachookoa watoto. Lakini wapo pia wanaodai kwamba hana faida kwa kuwa mbu anayemla ameshauma tayari, na hao nao hawajafikiri. Mbu aliyekunywa damu leo ndiye atakayetaga mayai siku chache zijazo. Tena, kama damu ile ilikuwa na vimelea, vinahitaji siku kumi na zaidi kukomaa ndani yake kabla hajaweza kumwambukiza mtu wa pili. Mbu aliyevimba ukutani ni safari ambayo haijaanza, na kuikatisha hapo kuna maana. Mama wa nyumba aliniuliza afanye nini. Nikamwambia alale kwenye chandarua kama kawaida, na fagio la kona za bafu alipunguze.

Alasiri, Bustani ya Mimea ya Entebbe, iliyoanzishwa 1898. Miti mikubwa, tumbili, maharusi wanapigwa picha. Kwenye majani mapana karibu na ziwa tulimwona Hyllus, mrukaji mkubwa mwenye manyoya, amekaa juu ya jani na panzi mzima mdomoni. Bibi harusi alimwona pia, na picha ikaahirishwa.

Njia ya kutokea Entebbe inapita karibu na msitu wa Zika, huko Kisubi, mahali ambapo mwaka 1947 kirusi cha jina hilo kilitengwa kwa mara ya kwanza kutoka kwa kima aina ya rhesus aliyewekwa juu ya jukwaa msituni. Mbu wa kule walikuwa wa jamii ya Aedes. Rafiki yetu wa ukutani asingejishughulisha nao sana.

Jumamosi. Kwenda Fort Portal

Mityana, Mubende, Kyenjojo. Rolex ya Mubende ilikuwa na mayai mengi na chapati laini, na redio ilimtupa mkono shemeji baada ya Mubende, basi akataka hadithi. Nikampa ya Portia.

Portia africana anaishi Afrika Magharibi, ya Kati na ya Mashariki, na aliyechunguzwa zaidi ni yule wa Mbita. Ukimwona kwenye utando utadhani ni takataka iliyonasa, jani kavu na vumbi lake. Chakula chake anachokipenda ni buibui wenzake. Huingia kwenye utando wa mwenyewe, na kwa miguu yote minane na vijimkono viwili vya usoni huanza kuuchezesha uzi. Mwenye utando haoni vizuri. Anaishi kwa mitikisiko. Portia hutikisa hivi, hutikisa vile, na ikitokea mtikisiko mmoja umemfanya mwenye nyumba asogee upande wake, huurudia huohuo mpaka amfikie. Kama mwenye utando ni mkubwa na wa hatari, hamwiti kwa nguvu, humbembeleza tu mahali alipo. Upepo ukivuma na kuutikisa utando wote, Portia huutumia kujificha na kupiga hatua nyingi kwa mara moja.

"Huyo ni komando," akasema shemeji, na akazima redio kabisa.

Kuna zaidi. Portia akiona windo mahali pasipofikika moja kwa moja, hukaa akikagua mashina na matawi, kisha hushuka, huenda njia ndefu ambayo katikati yake windo halionekani tena, na hutokea juu yake. Ina maana njia aliichora kabla ya kuondoka. Na watoto wa Portia africana huhesabu. Wakiwinda buibui wadogo wa Oecobius, wanaojijengea vihema vya uzi ukutani, mtoto hupendelea kukaa kwenye kihema ambako tayari kuna Portia mwingine mmoja anayesubiri. Mmoja, si sufuri, si wawili, si watatu. Ubongo wake ungekaa juu ya kichwa cha pini na nafasi ikabaki.

Jumapili. Bigodi, msitu wa Kibale

Watu wote kwenye geti la Kanyanchu walikuja kuona sokwe. Sisi tuliendelea mpaka Bigodi, kwenye njia ya mbao inayopita juu ya mafunjo, na mzee aliyetuongoza alifurahi mno kusikia Kiswahili. Chake alikipata ujanani Kilembe, kwenye machimbo ya shaba, na hakuwa amekitumia siku nyingi. Alinizoea haraka akaniita "fundi buibui".

Nilimtaka Portia. Tulipekua nyuzi za buibui kati ya mizizi, chini ya magogo, kwenye kona za kibanda cha ndege, asubuhi nzima, na hatukumpata.

Tulichopata ni sisimizi. Juu ya shina la mti kulikuwa na msafara wa sisimizi wadogo weusi, na mzee, aliyekuwa amekaa kimya akitazama, akanyoosha kijiti. "Yule hatembei sawa." Nikasogeza kioo cha kukuzia. Kiuno chembamba, kichwa cha mviringo, papasi mbili zinapapasa mbele. Isipokuwa papasi zile zilikuwa miguu. Aliinua jozi ya mbele na kuitikisa, akatembea kwa sita zilizobaki kwa mwendo wa kona kona. Nilipomzibia njia kwa kidole akasimama, akageuka, na yale macho mawili makubwa yakanitazama. Sisimizi hakutazami hivyo. Alikuwa Myrmarachne.

Ndege na buibui wengi huwakwepa sisimizi, wanauma, wana asidi, hawaji mmoja. Kujifanya sisimizi ni ulinzi mzuri. Wa jamii hii huruka mara chache sana, maana sisimizi haruki, na kuruka kungemfichua. Spishi moja ya kando ya Ziwa Victoria, Myrmarachne melanotarsa, imekwenda mbali zaidi: huishi kwa makundi, vifuko vyao vimeunganishwa kwa uzi, hutembea kwa makundi, na hula mayai na vitoto vya buibui warukao wengine. Mama wa mayai akiona kundi la "sisimizi" linakuja hukimbia kifuko chake. Ulinzi umegeuka silaha.

Kisha tukamwona dume. Mbele ya uso wake zilitoka taya ndefu nene, karibu nusu ya mwili, na hapo shemeji akaona amenikamata: uigaji gani huo, sisimizi gani ana pua ya tembo? Nikamwambia amtazame kwa mbali. Akarudi nyuma hatua mbili, akakodoa. "Amebeba mzigo." Ndivyo hasa. Nelson na Jackson walipendekeza mwaka 2006 kwamba dume anamwiga sisimizi aliyebeba kitu mdomoni, na wakapima: wanyama wanaokwepa sisimizi wanamkwepa na yeye. Ila wapo wawindaji wanaopenda hasa sisimizi mwenye mizigo, kwa kuwa mdomo uliojaa hauumi, na hao humrukia dume. Taya zile ni za kupigania majike. Gharama yake analipa kwa namna hiyo.

Mzee wa Bigodi alisikiliza yote, akafikiri, akasema Kilembe nako kulikuwa na watu wa kubeba vitu ili waonekane wana kazi.

Jumatatu. Fort Portal

Tulipanga kuondoka saa mbili, kupitia Kasese hadi Mbarara. Shemeji alipaki gari nje jana, na asubuhi akaniita kwa sauti ya gwaride. Kwenye kioo cha pembeni, upande wa dereva, alikuwepo Menemerus dume. Ameinua miguu ya mbele juu, ameipanua, anaenda kushoto, anaenda kulia, na kila anapokwenda mpinzani wake wa ndani ya kioo anakwenda naye. Haya ni maonyesho ya madume wakikutana: anayepungukiwa ukubwa au moyo kwa kawaida huondoka kabla hawajagusana. Huyu mpinzani haondoki. Dume likasogea mpaka nyuso zikakaribia kugusana, likafungua taya, likasukuma kioo, likateleza, likarudi.

Nilitaka kumsogeza kwa karatasi. Shemeji akanizuia mkono. Akaleta kiti kutoka mapokezi, akaagiza chai, akakaa upande wa kioo. Walinzi wawili wa hoteli wakaja, mmoja akaweka dau la elfu moja kwa yule wa nje. Hapakuwa na mtu wa kuweka kwa yule wa ndani, mpaka mpishi alipotoka jikoni.

Tuliondoka saa nne kasoro, jua lilipogonga kioo na buibui akahamia chini ya boneti. Mpishi alichukua pesa.